Mama Picha Hapigi Nyumba Tupu

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya milima ya Nandi, na Nelima Wakhisi tayari amelowa umande mpaka magotini. Amesimama kwenye nyasi za ufuo wa Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Kamera yake iko juu ya miguu yake mitatu, na yeye ameinama juu ya kioo akiitazama nyumba ya matofali ambayo mwenyeji wake anataka kuikodisha kwa watu wa likizo. Anatazama, anaguna, kisha anainua kichwa na kupaza sauti.

"Mwalimu! Moshi uko wapi?"

Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu aitwaye Laban, anatokea pembeni akiwa amevaa tai.

"Moshi ya nini, Mama? Si nyumba itaonekana chafu?"

"Na mlango umefunga kwa nini? Kwani umehama?"

"Nimefunga ndio ikae maridadi."

"Fungua. Halafu leta kiti uweke hapo nje. Si ile ya wageni. Ile unakaliaga wewe."

Mwalimu Laban anajikuna kichwa, lakini anatii. Amekwisha kusikia habari za mama huyu. Kuanzia Dunga mpaka Kendu Bay, watu wenye vinyumba vya kukodisha kando ya ziwa wanasema kwamba nyumba aliyoipiga yeye haikosi wageni. Watoto wa ufuoni humwita Mama Picha, na wakimwona anapita na mzigo wake humfuata wakimwomba awapige hata kama hakuna filamu ndani.

Moshi unapoanza kupanda nyuma ya paa, mwembamba na wa buluu, Nelima anatabasamu. Anabonyeza mara moja, anasogea hatua chache, anabonyeza tena. Kisha anakaa chini kwenye nyasi na kukamua maji kwenye pindo la gauni lake.

"Hii kazi nilifundishwa na mama mmoja wa Nyakach," anasema. "Na kabla sijafundishika, kidogo nimharibie maisha."

Nelima ana miaka thelathini na saba. Alizaliwa karibu na Broderick Falls, akaja Kisumu akiwa msichana kutafuta kazi kama wengi wa kwao. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kufagia katika studio ya Mhindi mmoja mzee, mtu mpole mwenye kikohozi kisichoisha. Akafagia. Baadaye akapewa kuosha picha kwenye beseni, halafu kuzianika, halafu kuzikata. Siku moja yule mzee alipokuwa amelala na homa, akaja bwana harusi na bibi harusi, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuishika kamera.

"Nilitetemeka kuliko bibi harusi," anacheka. "Lakini vichwa vyote viwili vilitokea."

Mzee alipoamua kumfuata binti yake ng'ambo, mwishoni mwa miaka ya sitini, alimwachia ile kamera na vyombo vya chumba cha giza. Nelima akapanga chumba nyuma ya duka la mshonaji, si mbali na soko la Kibuye. Picha za pasi na za vitambulisho ndizo zilizomlisha, shilingi tatu kwa picha moja, na mwezi mwingine hata kodi ya chumba ilimtoa jasho. Mumewe huendesha trekta katika mashamba ya miwa ya Miwani na huja nyumbani mwisho wa wiki. Binti zao wawili wamekulia kati ya harufu ya dawa za picha na vipande vya vitambaa vya mshonaji.

Kazi ya nyumba za likizo ilimjia mwaka wa 1973. Kampuni moja ya safari ya Nairobi ilitaka kuchapisha kijitabu cha nyumba za kukodisha kando ya ziwa, ili walimu, makarani na wazungu wenye likizo wachague wakiwa hukohuko kwao. Mtu wa kampuni hiyo Kisumu alikuwa Bwana Shitanda, kijana nadhifu mwenye haraka, mkazi wa Milimani. Alimpa Nelima majina ya wenye nyumba, na jina la kwanza lilikuwa la Mama Dorca wa Nyakach, mjane wa Mzee Dalmas.

Mzee Dalmas alikuwa mpishi katika meli za ziwani. Huko ndiko alikojifunza kwamba kuna watu wanaolipa pesa ili wakae tu na kutazama maji. Alipostaafu akajenga nyumba ya vyumba viwili karibu na ufuo, hatua chache kutoka boma lake, akapaka chokaa, akaweka vitanda vya chuma na taa za mafuta. Wageni walikuja kwa sababu walimjua yeye tangu melini. Walikula samaki wake, wakacheka mizaha yake, wakaondoka wakiahidi kurudi.

Alipofariki, ahadi zile zilikufa naye. Mwaka mzima ukapita bila mgeni kugonga mlango. Mama Dorca akabaki na nyumba nyeupe, na kila asubuhi akatandika vitanda ambavyo hakuna aliyevilalia.

Mwanawe mkubwa, Zadock, karani wa Nakuru, hakuwa mtu mbaya. Nelima analisisitiza hilo. Zadock alimpenda mamake kwa namna ya watoto wanaoishi mbali, yaani kwa wasiwasi. Aliwaza mafuriko, aliwaza homa, aliwaza viboko wanaotoka majini kula nyasi karibu na mlango wake.

"Mama, hapa unakaa na viboko," alimwambia. "Baba alikuwa anataka wageni, sawa. Sasa wageni hakuna. Tungoje mpaka Krismasi. Kama hawaji, mimi nakuja na kufuli, tunafunga hii nyumba na boma, tunaenda Nakuru. Nimekuwekea chumba."

Mama Dorca alikubali. Lakini siku ya kwanza alipokutana na Nelima, alimsimulia habari hiyo akitazama ziwa.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, "Nakuru mimi nitaangalia nini? Nitaangalia ukuta ya jirani?"

Kwa hiyo picha za kijitabu hazikuwa jambo la mchezo. Nyumba ikiingia humo, huenda wageni wakaja. Isipoingia, mwanamke wa miaka sitini na kitu angeng'olewa mahali alipoolewa, alipozalia na alipomzika mumewe.

Nelima alimtumia ujumbe kwamba atakuja Jumamosi kupiga picha. Mama Dorca akaupokea ujumbe huo kwa uzito wake wote. Nelima aliposhuka Katito na kuendesha baiskeli ya kuazima mpaka ufuoni, alikuta akina mama wa kanisa wamejipanga wakiwa na vitambaa vyeupe vichwani. Wajukuu walikuwa wamepakwa mafuta mpaka wanameremeta. Katekista alikuwa ameshika Biblia kifuani. Redio ilikuwa imetolewa nje na kuwekwa juu ya meza yenye kitambaa cha kudarizi, na mbuzi wawili walifungwa pembeni, wameogeshwa.

Enzi hizo, na hata sasa kwa wengi, picha ni ya watu. Unavaa, unasimama, unabana pumzi. Kumpigia mtu picha ya nyumba yake bila yeye ni kama kumpikia chakula halafu umwambie akae nje. Mama Dorca alitaka Nairobi ione kwamba hiyo nyumba ina wenyewe, na wenyewe si watu ovyo.

"Na mimi walikuwa wamenichinjia kuku," Nelima anakumbuka. "Nimekula, nimeshiba, nimenawa. Sasa nitasimama pale mbele ya wazee niwaambie watoke, nataka ukuta? Mdomo ulikataa."

Akapiga hivyohivyo. Bwana Shitanda alipoziona picha, alizigeuza juu chini kana kwamba nyumba ingedondoka kutoka mahali fulani.

"Mama Nelima, mimi natafuta nyumba, wewe unaniletea kwaya."

"Nyumba iko nyuma yao, Bwana."

"Naona pembe ya paa. Mteja atalala kwa pembe ya paa? Rudi. Nataka nyumba peke yake. Safi. Bila mtu."

Nelima akarudi. Safari hii alipiga moyo konde. Alimwomba Mama Dorca aende zake Katito sokoni na wajukuu wote, akafunga mlango na madirisha, akaondoa masufuria, akafukuza kuku, akaikunja mikeka iliyokuwa ikikauka juani. Anga lilikuwa jeupe na tulivu. Kila mstari ulinyooka. Aliposafisha picha zile alijisifu mwenyewe mbele ya beseni, maana hata studio ya zamani haikuwahi kutoa picha safi namna ile.

Bahati nzuri, au mbaya, hakuzipeleka Milimani moja kwa moja. Alitaka mwenye nyumba azione kwanza. Akaenda nazo Nyakach akiwa na furaha kama mtu anayempelekea mwenzake zawadi.

Mama Dorca alikausha mikono, akaipokea picha kwa ncha za vidole, akaitazama muda mrefu. Kisha akailaza kifudifudi juu ya mkeka.

"Hapa nani amekufa?"

Nelima akadhani hakusikia vizuri.

"Nyathina, umenipigia picha ya gunda."

Gunda, kwa Wajaluo, ni boma lililoachwa. Watu wameisha au wamehama, mlango umefungwa, hakuna moto, hakuna nyayo. Mtu akipita karibu nalo huteremsha sauti. Nelima aliigeuza ile picha akaitazama tena, na safari hii akaona alichokiona mwenzake. Ilikuwa nyumba safi ya marehemu.

"Ukipeleka hii," Mama Dorca akasema polepole, "Zadock hana haja ya kuja na kufuli. Wewe umeshamfungia."

Maneno yale yalimchoma Nelima mahali ambapo Mama Dorca hakupajua. Miaka michache nyuma, mamake mzazi alifariki kule Broderick Falls. Nelima alikwenda kuzika, akarudi Kisumu kazini, na alipopata tena nafasi ya kwenda alikuta pale penye nyumba pamepandwa mahindi. Mahindi yenyewe yalikuwa yamestawi. Yeye aliyepiga picha za nusu ya mji hakuwa na hata moja ya mlango wa mamake. Alimweleza Mama Dorca hayo yote palepale, akalia bila aibu, na yule mama akamkalia karibu akimsugua mgongo na kumpa pole.

"Mos, nyathina. Mos."

Walipokwisha kutulia, Nelima akapangusa uso na kuuliza swali ambalo, anasema, ndilo lililomfanya kuwa mpiga picha za nyumba.

"Mama, wewe ukiwa mbali, unajuaje nyumba iko na watu, na hauoni mtu?"

Mama Dorca alimshangaa. Hilo nalo la kuuliza?

"Si unaona moshi? Si unaona mlango iko wazi? Uwanja imefagiwa leo, si jana, fagio inaacha mistari. Kiti iko nje, imegeuka kidogo, mtu ametoka saa hii tu, anarudi."

Akatazama maji. Kisha akasimulia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Mumewe alipokuwa kazini, meli ilikuwa ikipita mbali ikielekea Kendu Bay. Yeye Dorca alikuwa akiisikia honi, anakimbia jikoni, anatupa majani mabichi motoni ili moshi uwe mzito. Dalmas akiwa kwenye sitaha na aproni yake, angeuona ule moshi na kujua kwamba mkewe ni mzima na watoto wamekula.

"Miaka yote hiyo," akasema, "tulikuwa tunasalimiana na moshi."

Basi wakapanga. Picha itakuwa bila mtu, kama Bwana Shitanda alivyotaka, lakini nyumba itakuwa na watu. Mama Dorca angekaa ndani kimya akichochea moto kwenye jiko la nyuma, asitokeze hata kidole.

Siku yenyewe ilipofika, mvua za vuli zilikuwa zimeanza kwa fujo. Bwana Shitanda alikuwa akiondoka na gari la moshi la jioni kwenda Nairobi na picha zote za kijitabu, na alisema wazi kwamba hatamngoja mtu. Nelima alitoka Kisumu kabla ya mapambazuko juu ya lori la mkate. Pale Ahero maji yalikuwa yameanza kuvuka barabara, na dereva akayapita huku akisali kwa sauti.

Kule ufuoni mambo yote yalikuwa tayari. Uwanja ulikuwa na mistari mipya ya fagio. Mlango ulikuwa wazi, pazia limefungwa upande. Kiti cha Mzee Dalmas kilikuwa nje, kimegeuzwa kidogo. Moshi wa majani mabichi ulipanda mnene. Kilichokosekana ni jua. Wingu zito lilikuwa limelalia ziwa lote, na Nelima alipiga picha kadhaa akijua kabisa kwamba zitatoka kijivu kama ugali wa juzi.

Akangoja. Matone ya kwanza yakaanza kumgusa shingoni. Ghafla wingu likapasuka upande wa mashariki, na mwanga ukaiangukia ile nyumba peke yake, ukuta ukang'aa, maji nyuma yakang'aa. Nelima akainama, mkono ukaenda kwenye kibonyezo.

Wakati huohuo, nyuma ya mgongo wake, Rosa muuza samaki alikuwa akipita na beseni kichwani kama kila asubuhi. Hakujua lolote kuhusu kampuni wala kijitabu. Aliona mlango wazi na moshi, akafanya analofanya mtu yeyote aliyelelewa.

"Hodi hapa!"

Nelima akabonyeza. Mvua ikamwagika. Akaikumbatia kamera kifuani chini ya kanga na kukimbilia ndani, ambako alimkuta Mama Dorca ameshika mwiko, anahema.

"Umepata?"

"Nimepata, Mama. Nafikiri nimepata."

Kurudi mjini ilikuwa kazi nyingine. Ahero sasa ilikuwa ziwa, na alivushwa na trekta la skimu ya mpunga akiwa amekaa juu ya magunia na kamera kichwani. Alasiri ilikuwa imekwisha kuchakaa alipojifungia katika chumba chake cha giza.

Picha za wingu zilikuwa kijivu vilevile alivyoogopa. Akaitia ile ya mwisho kwenye dawa, akatikisa beseni. Giza la mlango likaja kwanza, na ukuta ukabaki mweupe kandokando yake. Moshi ukaja. Kiti kikaja, na kivuli chake. Kisha, katika giza la mlango, kikaanza kuja kitu ambacho hakikupangwa.

Alikuwa Mama Dorca. Nusu yake ilikuwa nje, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango, mwingine umeshika mwiko, mdomo wazi. Hodi imepigwa, na katika maisha yake yote hakuwahi kuacha hodi ianguke chini bila kuijibu. Alikuwa anasema karibu.

"Roho iliniruka," anasema Nelima. "Bila mtu, Bwana Shitanda amesema bila mtu. Na ile ndiyo picha moja tu niko nayo."

Njia ya kurekebisha ilikuwepo. Mpiga picha yeyote anajua kufuta. Unachukua brashi nyembamba na wino mweusi, unapaka juu ya picha iliyokauka, na mlango unabaki mlango. Nelima aliikausha picha, akawasha taa, akachovya brashi. Akaileta mpaka karibu na kile kitambaa cha kichwa. Akashindwa kuishusha.

"Nilisema, mtoto wake anataka kumtoa kwa hiyo nyumba, nami namwona mbaya. Sasa mimi namtoa kwa mkono wangu mwenyewe? Na wino?"

Alisuuza brashi. Lakini hataki mtu adhani ulikuwa ushujaa. Alijua kwamba anacheza na maisha ya mwingine bila kumuuliza, na kwamba ikikataliwa picha ile hapatakuwa na nyingine. Alitembea mpaka stesheni akiwa ameificha picha chini ya kanga.

Bwana Shitanda alikuwa tayari dirishani. Aliitazama picha chini ya taa ya jukwaa.

"Kuna mtu."

"Ndio, Bwana. Mwenye nyumba."

"Si nilisema?"

"Ulisema. Nami nilijaribu. Amepigiwa hodi, angefanyaje?"

Shitanda aliitazama tena. Ni mtu wa Kakamega, naye ana mama. Aliitia picha ndani ya mkoba bila kuahidi lolote, na gari likaondoka.

Wiki zikapita kimya. Kila alipokaribia ofisi ya Shitanda, Nelima alivuka barabara ili asijue jibu mapema. Desemba ikaingia. Kisha akapata habari kwamba Zadock amewasili Nyakach, na kwamba Mama Dorca anaomba aje amsaidie kufunga vyombo.

Alikwenda. Hangeweza kutokwenda. Siku nzima alikaa chini katika ile nyumba nyeupe akifunga sahani za Mzee Dalmas moja moja kwa karatasi za gazeti, na kila sahani aliiona kama kosa lake. Mama Dorca hakumlaumu. Alikuwa akizunguka akigusa vitu. Nje, Zadock alikuwa akipima mlango kwa komeo jipya, uso wake umekunjamana, maana yeye naye kila kona ya boma ilikuwa ikimkumbusha utoto wake.

"Nilimwona anafuta macho na mkono wa shati," Nelima anasema. "Hakujua namwona."

Basi pakasikika mlio wa gari likipambana na matope. Peugeot nyeupe, iliyopakwa udongo mpaka madirishani, ikasimama penye uwanja. Kampuni ilikuwa imetuma simu ya maandishi, lakini ilikuwa bado imelala Katito kwa sababu ya mafuriko, na hakuna aliyejua kwamba kuna mtu anakuja. Akashuka mwanamume, akashuka mkewe mwenye sare ya unesi chini ya sweta, na kabla hawajanyoosha migongo, binti yao mdogo akapita mbio kando ya Zadock na komeo lake, akasimama mbele ya mlango.

"Mama! Ndiye huyu! Nyanya wa mwiko!"

Mama Dorca alikuwa ametokeza kuona ni nani.

Yule mama nesi akaomba radhi kwa kelele za mtoto. Akaeleza kwamba walikuwa wamekaa mezani usiku kadhaa na kile kijitabu wakichagua mahali pa likizo.

"Nyumba ni nyingi, nzurinzuri. Lakini zote zimefungwa, unaogopa hata kugonga. Huyu mtoto akafika kwa hii, akasema, twende hapa, hapa wanatukaribisha."

"Mmetoka wapi?" Zadock akauliza.

"Nakuru."

Zadock alimtazama mamake. Mama Dorca hakumtazama. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, vilevile, na machozi yakimtiririka bila yeye kuyajali.

"Karibuni," akasema. "Donjuru. Ingieni ndani, ndani."

Zadock aliweka komeo chini kwenye majani, akaenda nyuma ya Peugeot, akatoa sanduku kubwa kuliko yote, akalibeba begani mpaka chumbani. Alirudi kuchukua la pili. Ndani, Nelima alikuwa akizifungua sahani haraka haraka, karatasi zikiruka, kwa maana wageni wametoka mbali na hakuna hata kikombe kilicho tayari.

Tangu wakati huo, kampuni haimwombi tena nyumba tupu. Bwana Shitanda humpelekea majina mapya kila msimu, na kijitabu cha mwaka huu wa 1975 kina milango mingi iliyo wazi kuliko iliyofungwa. Katika kila nyumba yeye hufanya hivihivi alivyofanya leo kwa Mwalimu Laban: hupiga ile inayotakiwa, kisha kabla ya kufunga mzigo hupiga moja zaidi, mwenye nyumba akiwa mlangoni, na kumwachia bure. Hata isipopelekwa popote, si kitu. Watoto watakuwa nayo.

Sasa jua limepanda, na Mama Picha anaikunja ile miguu mitatu. Anaulizwa kama ana mpango wowote wa mbeleni. Anaona haya kidogo, kisha anacheka.

Amezipiga nyumba za likizo zisizohesabika, anasema, na hajawahi kulala hata katika moja. Mwaka huu ameweka akiba. Anataka yeye, mumewe na mabinti wafanye likizo kama watu, Krismasi, Nyakach, wakae tu na kutazama maji. Wiki iliyopita alikwenda kuweka nafasi rasmi, pesa mkononi, na kumwomba Mama Dorca amwandikie ile nyumba nyeupe.

Mama Dorca alikataa katakata. Alizisukuma zile pesa zikarudi kwenye mkoba.

"Ile nyumba ni ya welo," alimwambia. "Wageni ndio wanalala huko kwa maji. Wewe na watoto wako mtalala kwangu, ndani ya boma. Kwani mimi nimekufukuza lini?"

Nelima anaweka kamera kwenye mfuko wake, anafunga kamba, na hawezi kuendelea kusema mpaka amalize kupenga kamasi.